Mkono Unaonyonyoa Bila Kutumwa: Mpaka wa Dhambi Uko Wapi?

Ndugu msomaji, katika darasa za fiqhi tunasoma hukumu za nywele kwa kirefu. Kunyonyoa nywele za kwapa ni sunna, nayo imetajwa miongoni mwa mambo ya fitra. Kunyonyoa mvi kumekuja katazo lake. Kutinda nyusi kumekuja laana yake. Nywele za mikono na miguu ya mwanamke hazikutajwa, na maulamaa wengi wameona hakuna ubaya kuziondoa. Aliyehirimia hija au umra haondoi hata unywele mmoja. Tazama: kitendo ni kilekile, vidole viwili na unywele mmoja, lakini hukumu yake inabadilika kwa mahali, kwa wakati na kwa nia. Na chini ya hukumu zote hizo kuna sharti moja tunalosoma mwanzoni kabisa mwa usuli na kulipita haraka: anayehukumiwa awe na hiari katika alichokitenda.

Basi swali la makala hii ni hili. Vipi kuhusu mtu ambaye mkono wake unanyonyoa bila yeye kuutuma? Anajua hukumu, anachukia anachofanya, ameapa kuacha, na bado kila jioni anakuta vinywele vimelala juu ya kitabu chake. Je, huyu ni mwenye dhambi, au ni mgonjwa? Na kama ni mgonjwa, je, hana lolote la kuulizwa?

Siulizi kwa niaba ya mtu mwingine. Ni mimi. Mimi ni binti wa Magara, pale barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge inapobanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika. Nimeishi na hali hii tangu nikiwa na miaka 12. Ilianza kwenye mikono na miguu, ambako nguo inafunika, na baadaye ikapanda kwenye nyusi, ambako hakuna nguo. Naandika si kwa kuomba huruma. Naandika kwa sababu naamini swali hili lina jibu katika elimu tunayosoma, na jibu hilo litamfaa hata msomaji ambaye hajawahi kunyonyoa unywele wowote.

Maradhi yenyewe

Madaktari wanayaita trikotilomania. Jina hilo lilitungwa mwaka 1889 na daktari wa ngozi Mfaransa, François Henri Hallopeau, kwa kuunga maneno ya Kigiriki yenye maana ya nywele, kunyonyoa na wazimu. Neno la mwisho halitutendei haki. Mwenye maradhi haya ana akili timamu. Anasoma, anapika, anauza sokoni, anafaulu mitihani. Zamani wataalamu waliyaweka katika fungu la watu wanaoshindwa kuzuia misukumo yao, pamoja na wanaoiba bila haja. Mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliyahamishia katika jamaa moja na maradhi ya mawazo na vitendo vya kujirudia, ambayo sisi kwa lugha ya madrasa tungeyaita jamaa ya wasiwasi. Makadirio ya kawaida ni kwamba huwapata mtu mmoja hadi wawili katika kila watu 100, na mara nyingi huanza karibu na umri wa kubaleghe. Maana yake ni kwamba katika ukumbi wa mhadhara wenye wanafunzi 200 huenda wakawamo wawili hadi wanne, na kila mmoja anadhani yuko peke yake duniani.

Yana njia mbili. Ya kwanza ni ya kimya: uko katikati ya ukurasa, macho yako kwenye kitabu, na mkono umekwenda wenyewe. Hujui mpaka uone vinywele. Ya pili ni ya wazi zaidi: kuna unywele mmoja unaoonekana mnene kuliko wenzake, au umesimama vibaya, na kifua kinajaa mpaka utoke. Ukitoka unapata nafuu ya sekunde chache. Kisha unakuja unywele mwingine, na nyuma yake aibu. Wapo wanaotoka vidonda, na wapo wanaozimeza nywele hata zikakusanyika tumboni na kuhitaji upasuaji. Hili si jambo la urembo.

Nyumbani kwetu halikuwa na jina. Bibi yangu, mzaa mama, aliniangalia siku nyingi kisha akasema, "Mjukuu wangu, mkono wako una njaa, uupe kazi." Majirani walikuwa na maelezo mengine: jini, jicho la watu, au binti anataka kujipamba kabla ya wakati. Mama alinipeleka kwa maalimu, akanisomea. Nilitulia siku kadhaa, kisha mambo yakarudi. Sisemi hivyo kudharau kisomo. Qur'ani ni shifa na bado najisomea kila usiku. Lakini uma wetu umejua tangu zamani kwamba nafsi nayo ina maradhi yake yanayohitaji tiba yake. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Alikigawa sehemu mbili, mwili na nafsi, na katika sehemu ya nafsi akazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja na namna ya kukitibu. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Hoja mbili zinazovutana

Hoja ya kwanza inasema: hii ni dhambi ya kawaida, tatizo ni udhaifu wa imani. Nayo ina ushahidi unaouma. Mbona mbele ya watu hunyonyoi? Mbona mbele ya baba yako mikono inatulia? Anayeweza kujizuia saa nzima mbele ya watu anaweza kujizuia akiwa na Mola wake peke yake. Asipojizuia, basi amewaogopa watu kuliko Allah. Hoja hii niliambiwa na watu wazuri, kwa nia njema.

Hoja ya pili inasema: ni ugonjwa, na mgonjwa hana lawama, basi nyamaza na usijiulize tena. Hii ni tamu, lakini nayo ina shimo. Kama kila anayesema "siwezi kujizuia" anaachwa, tutamwambia nini mvuta sigara, msengenyaji, au kijana anayefungua picha za haramu kwenye simu usiku na kulia asubuhi? Wao pia wanasema hawawezi. Mlango ukifunguliwa kwa mmoja utapitisha wote, na neno "taklifu" litabaki bila maana.

Nianze na ile ya kwanza. Kosa lake ni kudhani kwamba kuweza kuchelewesha ni sawa na kuweza kuacha. Usingizi unaweza kuuchelewesha. Mbele ya mgeni mheshimiwa utafumbua macho saa nzima. Lakini hakuna mtu anayesema kwamba, kwa kuwa uliuzuia saa moja, basi unaweza kuuzuia siku nne. Chafya, kikohozi katika swala, kupepesa macho: vyote vinazuilika kidogo na vyote vinarudi na deni. Mkono uliotulia mchana kutwa mbele ya watu unadai chake usiku. Kwa hiyo hiari ya mtu huyu ipo, lakini ni finyu. Si sifuri wala si kamili. Na hapo ndipo hoja zote mbili zinaposhindwa, kwa sababu zote mbili zinataka hiari iwe yote au isiwepo kabisa.

Habari tatu kutoka zama za Mtume (S.A.W.)

Nilipotafuta mfano wa hiari finyu, sikuupata katika milango ya nywele. Niliupata katika habari tatu ambazo wengi wetu tumezisoma kwa ajili ya jambo jingine.

Ya kwanza ni ya mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa. Ibn Abbas (R.A.) alimwonesha Ata bin Abi Rabah, na habari yake wameipokea Bukhari na Muslim. Mwanamke huyu alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba anaanguka, na akianguka mwili wake unafunuka, akaomba aombewe. Mtume akampa hiari: asubiri na apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba jambo moja: aombewe asifunuke. Akaombewa. Tulizoea kusoma habari hii kama fadhila ya subira. Isome tena kama habari ya hukumu. Kufunua mwili mbele ya watu ni katika makatazo makubwa, na mwili wake ulifunuka si mara moja. Hakuambiwa atubu. Hakuambiwa imani yake ni dhaifu, aliahidiwa Pepo. Na haya yake mwenyewe hayakupuuzwa pia: aliombewa stara. Maradhi yalibaki, aibu ikaondolewa. Kwa mgonjwa, hilo la pili wakati mwingine ni zito kuliko la kwanza.

Lakini utasema, kifafa hakina hiari hata chembe, na mkono unaonyonyoa una chembe. Kweli. Ndiyo maana naitaja habari ya pili, ya usingizi. Mtume (S.A.W.) na maswahaba walikuwa wanarudi kutoka Khaibar, mwaka wa 7 Hijria. Walisafiri usiku, wakachoka, wakatua kulala. Mtume akamwachia Bilal (R.A.) kazi ya kuilinda Alfajiri. Bilal akaswali alichojaaliwa, kisha akaegemea kipando chake akiwa ameelekea upande wa mapambazuko, na usingizi ukamchukua. Hakuna aliyeamka mpaka jua likawapiga. Bilal akaeleza kwamba kilichomchukua ni kilekile kilichowachukua wao. Wakasogea kidogo kutoka mahali pale, wakatawadha, wakaswali. Muslim ameipokea, na katika mapokezi ya Abu Qatada amepokea maana hii: hakuna uzembe katika usingizi, uzembe ni wa aliye macho.

Fikiri juu ya mpangilio wake. Usingizi wenyewe haukuhesabiwa. Lakini kabla ya usingizi kulikuwa na jambo la hiari, nalo lilifanywa: aliwekwa mlinzi. Mlinzi akashindwa, na bado hakuna aliyelaumiwa. Baada ya usingizi kulikuwa na jambo jingine la hiari, nalo pia lilifanywa: waliondoka mahali pale na kuswali bila kuchelewa. Kwa hiyo kuna vipande vitatu: kabla, wakati na baada. Kile cha katikati kalamu imenyanyuliwa. Viwili vya pembeni kalamu inaandika.

Ya tatu ni ya Ka'b bin Ujra (R.A.), mwaka wa 6 Hijria, Hudaibiya. Alikuwa katika ihramu, na chawa walikuwa wanamdondoka usoni. Mtume (S.A.W.) akamruhusu anyoe kichwa, na akamwambia afunge siku 3, au alishe masikini 6, au achinje mnyama. Aya ya 196 ya Suratul Baqara inazungumzia hali hiyo ya mwenye maradhi au udhia wa kichwani. Hapa maradhi yameondoa dhambi moja kwa moja. Lakini hayakuondoa kila kitu: imebaki fidya. Fidya si adhabu. Ni njia ya kusema kwamba amri ilikuwa na uzito wake, na mgonjwa bado ni mtu wa kuambiwa, "Hili lako unaliweza." Kumwachia mgonjwa kitu cha kufanya ni kumheshimu.

Hesabu haifutwi, inasogezwa

Kutokana na habari hizo tatu nasema hivi: maradhi ya namna hii hayafuti hesabu, yanaisogeza. Yanaitoa pale ambapo hiari haipo na kuipeleka pale ambapo hiari ipo.

Wanafiqhi wa Kishafi, madhehebu ya wengi wetu pwani na maziwani, wana kanuni ambayo as-Suyuti (aliyefariki 911 Hijria) ameitaja katika kitabu chake cha kanuni: kile chepesi hakiporomoki kwa sababu ya kile kigumu. Asiyeweza kusimama haachi swala, anakaa. Aliyekatwa sehemu ya mkono anaosha iliyobaki. Nayo inalingana na amri ya Suratut Taghabun, aya ya 16, ya kumcha Allah kwa kadiri tunavyoweza, na ahadi ya mwisho wa Suratul Baqara kwamba nafsi haikalifishwi ila uwezo wake. Wengi tunaisoma ahadi hiyo kama msamaha tu. Lakini ina ncha mbili: usilolimudu hukalifishwi, na unalolimudu umekalifishwa.

Sasa turudi kwa mvuta sigara na kijana mwenye simu. Wao pia wapimwe kwa mizani hii, na mizani hii haitawapendelea. Kwanza, kunyonyoa nywele za mkono si haramu kwa asili yake, na kutazama haramu ni haramu kwa asili yake. Mambo hayo hayalingani. Pili, hata tukikubali kwamba saa saba usiku kijana yule ameshazidiwa, tunamuuliza juu ya saa tatu usiku: kwa nini simu ililala kitandani na si mezani kwa mwenzako? Tunamuuliza juu ya mchana: umemwambia nani? Hesabu imesogea, haikufutwa. Anayesema kweli kwamba hawezi ataonekana kwa namna anavyoweka walinzi. Anayetumia neno "siwezi" kama shuka la kujifunika ataonekana kwa kuwa hajaweka hata mmoja.

Na kuna faida nyingine ya kuisogeza hesabu. Ukiiweka juu ya kila unywele, unakuwa na madhambi 60 kwa jioni moja, na mtu mwenye madhambi 60 kwa jioni hukata tamaa. Akikata tamaa hujifungia, na akijifungia mkono unapata uhuru zaidi. Aibu ni chakula cha maradhi haya. Ibilisi hahitaji kukuambia unyonyoe. Inamtosha kukuambia kwamba kwa kuwa umenyonyoa, huna uso wa kusimama kwenye swala.

Walinzi wa Alfajiri

Nieleze basi walinzi wenyewe, kwa sababu msomaji mwenye hali hii anahitaji zaidi ya dalili.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, waliandika juu ya njia ya kugeuza mazoea, na mpaka leo ndiyo tiba inayoanzwa nayo kwa wengi. Msingi wake ni mambo mawili. La kwanza ni kuujua mkono: kuandika kila mara unapokwenda, ulikuwa wapi, saa ngapi, ulikuwa unahisi nini. Mimi niliandika kwa wiki tatu katika daftari dogo, na daftari likanionesha jambo ambalo dua zangu zilikuwa haziwezi kulilenga kwa sababu sikulijua: karibu kila mara ilikuwa baada ya Isha, nikisoma nimeegemea kiwiko cha kushoto, na hasa siku za mitihani. Mchana, nikiwa pwani na mama tunaanika ndagala, hapakuwa na hata mara moja. Bibi alikuwa ameshasema: mkono wenye kazi hauna njaa.

La pili ni kuupa mkono kitu kinachopingana na kunyonyoa. Msukumo unapokuja, unakunja ngumi au unashika kitu kwa dakika moja au zaidi, mpaka wimbi lipite. Wimbi la ziwani anayelijua ni mvuvi: hapigani nalo, anageuza mtumbwi na kusubiri lipite chini yake. Mimi hushika tasbihi. Lakini natoa tahadhari: usiifanye dhikri kuwa hesabu ya lazima, kwamba usipofika 99 umeharibu. Wenye wasiwasi tunaweza kugeuza hata dhikri kuwa kunyonyoa kwa namna nyingine.

Walinzi wengine ni wadogo wadogo. Kucha fupi kila Ijumaa, ambayo ni sunna pia. Kibano kikae kwa dada, si kwangu. Plasta kwenye kidole gumba na cha shahada usiku wa kusoma. Blauzi ya mikono mirefu hata chumbani. Kukaa sehemu yenye watu. Kioo kisikae mezani. Na mlinzi mkubwa kuliko wote ni mtu mmoja anayejua. Kwangu ni mwenzangu wa chumbani. Akiona mkono umepanda anaita jina langu tu, kwa sauti ya kawaida, na anaendelea na yake.

Je, nimepona? Nyusi zimerudi, ila ya kushoto ina pengo. Mikono yangu naitazama bila kuogopa. Mwezi wa mitihani uliopita mkono ulirudi kwa siku tano, na siku ya sita nikaweka walinzi upya. Kushinda kwa maana ninayoielewa mimi si kwamba mkono hautakwenda tena. Maswahaba wale walipoamka jua limepanda hawakuapa kwamba hawatalala tena maisha yao yote. Walisogea kutoka mahali pale, wakatawadha, wakaswali.

Kwa wanaotazama

Sehemu hii ni ya wasio na maradhi haya, na pengine ndiyo yenye mtihani mkubwa zaidi.

Laana ya wenye kutinda nyusi imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), na imewataja wanaotafuta uzuri na kubadili maumbile ya Allah. Katika mapokezi ya Abu Dawud kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kuna neno linalotoa nje jambo la maradhi. Na an-Nawawi, alipoeleza hadithi ya Ibn Mas'ud, amesema juu ya kuachanisha meno kwamba kilichokatazwa ni kinachofanywa kwa kutafuta uzuri. Kinachohitajika kwa tiba au kwa aibu ya jino hakina ubaya. Kwa hiyo wanafiqhi wenyewe wametazama sababu, hawakutazama sura tu.

Lakini nyusi zilizopungua hazisemi sababu yake. Katika kundi moja la darsa nililowahi kuwamo, niliombwa kwa upole nisisomeshe wadogo mpaka "niache kutinda". Aliyeniambia alikuwa anailinda dini, na hakuuliza. Nilimjibu, "Dada yangu, sitindi. Naumwa." Akanyamaza, na sikuitwa tena.

Hadithi ileile ya laana ina mwendelezo ambao tunaukata tunapoisoma kwenye mihadhara. Mwanamke wa Bani Asad, Ummu Ya'qub, alimjia Ibn Mas'ud kumhoji, na akamwambia kwamba anadhani hata mke wake anafanya baadhi ya hayo. Ibn Mas'ud hakukasirika. Akamwambia aingie ndani atazame. Akaingia, akatazama, hakuona kitu. Tazama adabu ya pande zote mbili: mwenye shaka alimkabili mhusika uso kwa uso, hakupeleka maneno sokoni, na mwenye kushukiwa akafungua mlango. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetuonya juu ya dhana nyingi na upelelezi. Kati ya kudhani na kupeleleza kuna njia ya tatu, fupi kuliko zote mbili: kuuliza kwa upendo, faraghani.

Fardhi iliyoachwa

Nimesema hesabu inasogea kuelekea kwenye uwezo. Basi uwezo wa nani? Binti wa Magara ataambiwa aweke walinzi, lakini nani atamfundisha? Kwetu ukitaja maradhi ya nafsi, watu wanataja kituo cha akili cha Kamenge, Bujumbura, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na wanakitaja kwa kunong'ona. Mwenye kunyonyoa nywele haoni kwamba pale ni mahali pake, kwa sababu yeye si "mwendawazimu". Anabaki kati ya mtaa unaomwita mrembo wa haramu na nyumba inayomwita mwenye jini.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihya, kwenye kitabu cha elimu, ameihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, na amelalamika kwamba miji ilikuwa haina tabibu Mwislamu wakati watu wanasongamana kwenye mabishano ya fiqhi. Nasema haya nikiwa mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu mwenyewe. Fardhi kifaya ikiachwa na wote, wote wanaulizwa. Kwa hiyo ile chembe ya hiari ambayo mgonjwa hana, huenda imewekwa mikononi mwetu: kwa anayesoma saikolojia, kwa anayesoma uuguzi, kwa maalimu ambaye baada ya kusoma ruqya angeweza kuongeza sentensi moja, "Na pia mpelekeni kwa daktari." Hesabu iliyoondoka kwake haikupotea njiani. Imekuja kwetu.

Basi jibu langu ni hili. Unywele uliotoka bila kutumwa hauandikwi. Mlinzi ambaye ungeweza kumweka na hukumweka, huyo unaulizwa. Swala inayofuata inakungoja, uwe na nyusi au usiwe nazo. Na jirani aliyeona uso wako naye ataulizwa alichodhani.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu wanaojulikana na wanaojificha, awasitiri kama alivyomsitiri yule mwanamke aliyeomba stara, na atujaalie kuwa walinzi wema wa Alfajiri za wenzetu. Wallahu a'lam.